Mshono Uliopigwa Jiwe

Vidole vyangu viliteleza, ndipo nikajua kuna jambo.

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya gari nikikaza nati za gurudumu la kushoto, mkono ukapita pale bomba linaloshika gurudumu lilipochomelewa kwenye fremu. Palikuwa laini kama ndani ya kikombe. Hapakutakiwa kuwa laini hata kidogo. Kwetu, bomba likishachomelewa na jingine, mshono unaachwa na matuta yake, yamelaliana kama vigae, na kidole kikipita lazima kikwaruzike. Hapa palikuwa pamepigwa jiwe la grinda, pakapigwa msasa, pakapakwa rangi nyekundu. Na gari zima lililobaki lilikuwa bado chuma kitupu.

"Nani amepiga jiwe hapa?" nikauliza.

Mdogo wangu, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba, alikuwa ameketi ndani ya gari akijifunga na kujifungua mkanda kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Akajitia hamnazo. Baba alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni mwa karakana, ameshika kikombe kitupu kwa mikono miwili.

"Nauliza mara ya pili. Nani?"

"Dada, leo usianze," Kitinda akasema.

Watu wana nini jamani? Nikiuliza swali moja tu, naambiwa naanza.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Ndiyo, mwanamke. Wateja wapya wakifika wananiuliza fundi yuko wapi, nawajibu ametoka, atarudi mwakani. Kazi nimefundishwa na Baba, na kabla hajanishikisha kijiti cha kuchomelea alinipa sheria moja: mshono wako haupigwi jiwe mpaka mwenzako aukague. Ukiwa mbaya, uwe mbaya mbele za watu. Jiwe la grinda linausawazisha mshono mbovu mpaka unafanana na mzima, na baada ya hapo huwezi kujua kama chuma kimeyeyukia ndani au kimekaa juu juu tu. Kuna fundi aliwahi kufanya hivyo kwenye karakana yetu. Baba alimfukuza saa ile ile, glavu zetu zikiwa bado mikononi mwake.

Sasa hilo gari. Kitinda ni fundi pikipiki, na tangu akiwa mdogo alikuwa akisema atajijengea gari lake mwenyewe, tukamcheka, akajenga. Mwaka mzima lilikuwa hapo uani. Halina bodi wala milango, ni fremu ya mabomba yenye injini ya pikipiki kubwa nyuma na kiti kimoja. Mabomba nilikata mimi. Bomba la duara likikutana na jingine hulikati bapa. Unalichonga mdomo mpaka limkumbatie mwenzake bila kupitisha hata mwanga, na hakuna kazi inayonipa raha kama hiyo. Tao linalopita juu ya kichwa cha dereva nilikunja na kuchomelea mimi, mwanzo mpaka mwisho. Kisha nikaenda kwenye kazi ya paa upande wa pili wa mji, na wiki hiyo Baba na Kitinda wakamalizia viungo vilivyobaki, pamoja na sehemu yote ya mbele.

Mchana wa siku ile ya kukaza nati pikapu ilikuwa ije kulibeba gari kwenda kwenye uwanja wa zamani wa ndege, ambako vijana wanaojenga magari kama lile hukutana kushindana mbio. Kitinda alikuwa amejiandikisha. Alikuwa anakwenda kulikimbiza mpaka injini iseme basi. Na kiungo kile laini ndicho kilichokuwa kinashika gurudumu la mbele. Kikiachia katika mwendo ule, gurudumu linaingia chini ya gari, na mdogo wangu amekaa nyuma yake, si mbali kuliko urefu wa mkono. Hapo hata hospitali hamtafika.

"Nimepiga mimi," Baba akasema.

"Wewe?"

"Mimi. Au hii si karakana yangu tena? Niambieni kama nimehamishwa."

"Baba, kwa nini?"

"Nilitaka papendeze."

Papendeze! Mzee aliyekataa kulipaka rangi geti lake mwenyewe, eti rangi ni ya mafundi wenye cha kuficha. Nilimtazama. Yeye hakunitazama, alitazama pembeni yangu kidogo, kama alivyozoea kufanya siku hizo, nami nikadhani ni kiburi cha uzee.

"Mnagombana nini huko chini?" Mama akauliza kutoka juu.

Wazazi wangu wanaishi vyumba vya juu ya karakana. Zamani kulikuwa na ngazi ya mbao ya kupandia kutoka uani; ilipooza, Baba akamjengea Mama ngazi ya chuma. Aliijenga peke yake, mvua zilipokwisha, akakataa hata nimshikie bomba. Hii ni ya mke wangu, alisema, tokeni hapa. Na yote aliipiga jiwe na msasa, kila kiungo, ili isimchanie Mama nguo. Mtaa mzima ulisema mzee yule ana mapenzi, na Mama alitembea wiki nzima kifua mbele. Hata mimi nilitabasamu. Sheria ya karakana ni ya karakana, nikajisemea, mambo ya nyumbani ni ya wenyewe.

"Hakuna anayegombana, Mama," nikamjibu. "Baba anapendezesha gari."

"Basi mwambie aje apendezeshe na ngazi yake. Huku juu nikikanyaga inalia kama paka."

"Chuma kipya hulia," Baba akajibu upesi. "Kitazoea."

Sikuwa na nafasi ya kusikiliza habari za ngazi. Nilikwenda kuchukua grinda.

Kitinda aliponiona nimeshika waya naelekea kwenye soketi, alichomoka ndani ya gari. "Unataka kufanya nini?"

"Nakata. Nione ndani kuna nini."

"Pikapu iko njiani! Ukikata sasa hatuwahi kuchomelea upya."

"Basi hutakwenda."

"Mwaka mzima, Dada!" Sauti ilimpasuka. "Mwaka mzima nimelala na harufu ya chuma. Wenzangu wote wapo kule wananisubiri. Kwa sababu ya rangi? Kwa sababu mzee amepaka rangi?"

"Kwa sababu ya kilichoko chini ya rangi."

"Hujui kilichoko chini. Unachotaka wewe ni Baba aonekane kazi imemshinda, ubaki peke yako fundi."

Wee! Damu ilinichemka. Nilimpa vidonge vyake, na sitarudia hapa niliyomwambia, maana mengine hayaandikiki. Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Baba naye alikuwa ameinuka kwenye kigoda.

"Mshono wangu haujawahi kukatwa na mtu," akasema polepole. "Nimechomelea kabla mama yako hajakuzaa. Ukiukata mbele ya macho yangu, ujue umenivua nguo."

Niliogopa. Nasema kweli. Niliogopa kwamba nitaukata niukute mzima, na nitakuwa nimemvunjia baba yangu heshima bure. Halafu niliogopa zaidi kwamba sitaukuta mzima.

Nikapiga moyo konde. "Sikati," nikasema. "Nakwangua rangi tu. Tukague, kama ulivyonifundisha."

Hilo hakuweza kulikataa. Nikachukua brashi ya waya nikasugua mpaka rangi ikatoka na chuma kikang'aa. Mwanzoni sikuona kitu. Nilipoinamisha kichwa mwanga ukaingia upande, nikauona: mstari mwembamba, mweusi, umezunguka nusu ya bomba. Ukishaujua, ulikuwa unaonekana hata kwa aliyesimama.

"Baba, njoo uone."

Alikuja. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa chuma.

"Mzima huu," akasema.

"Huoni mstari?"

"Nauona. Mkwaruzo wa jiwe tu huo."

"Uko wapi? Hebu nionyeshe."

Akanyoosha kidole, kikatua kwenye chuma safi, pembeni kabisa. Hapakuwa na mstari hapo. Hapakuwa na kitu chochote.

Nilimtazama Kitinda. Kitinda naye alikuwa amekitazama kile kidole, na hasira yote ilikuwa imemtoka usoni, amebaki kama mtoto.

"Mbona mnanyamaza?" Baba akauliza.

Niliweka jeki chini ya fremu, nikawasha grinda, nikakata. Sikukata sana. Jiwe lilipogusa tu, kiungo kikaachia chenyewe, bomba likadondoka pamoja na gurudumu lake. Chuma cha mshono kilikuwa kimemwagika chote kwenye bomba moja, kikapita kando ya maungio kutoka mwanzo mpaka mwisho. Yale mabomba mawili yalikuwa yameshikana kwa kipande kidogo cha ukingoni na kwa rangi. Kitinda aligeuka, akaegemea ukuta, akatapika.

Nilikata kipande cha ncha ya lile bomba, chenye mshono, na kabla hakijapoa vizuri nikakiweka kwenye kiganja cha Baba. Akakipapasa kwa kidole gumba. Akarudia.

"Nilijua hautazamiki," akasema. "Nilipoupapasa nilijua umepinda. Nikasema ni ubaya wa sura tu, watanicheka watoto, ngoja niupige jiwe. Sikujua haukushika."

"Tangu lini, Baba?"

"Nini?"

"Macho."

Alikigeuza kile kipande kiganjani. "Mstari wa maungio siuoni tangu kabla ya mvua. Naona mwanga. Mstari siuoni."

Juu, mlango ukafunguliwa.

"Chai hiyo inashuka!" Mama akaimba. "Kitinda, huendi popote na tumbo tupu!"

Akakanyaga ngazi, na ngazi ikalia.

Kabla ya mvua. Na ngazi ilijengwa mvua zilipokwisha, na kila kiungo chake kilipigwa jiwe. Nilimgeukia Baba nikakuta ameshafika pale nilipofika mimi, kipande cha bomba kimemdondoka mkononi.

"Mama Kitinda!" akapiga kelele. "Simama! Simama hapo hapo!"

"Ala! Nisimame na sinia la moto?" Alikuwa ameshafika karibu katikati. Mama ni mtu wa mwili, hashuki ngazi kwa haraka. Anashuka upande upande, sinia mbele, anaongea njia nzima. "Mna nini leo?"

"Mama, usisogee," nikasema. "Wala usirudi juu. Tafadhali."

Sasa, kumwambia mama yangu asirudi ni sawa na kumwambia arudi. Aliinua mguu ageuke. Kule juu, kwenye kiungo cha kushoto kinachoshika ngazi kwenye boriti ya kibaraza, kikapasuka kishindo, ngazi ikajipinda na kushuka upande mmoja. Sinia likamtoka. Birika likapiga sementi, vikombe vikafuata kimoja kimoja. Mama alikumbatia reli kwa mikono yote miwili na hakusema neno. Mama, hakusema neno! Hapo roho ilinitoka.

"Tao!" Kitinda akapiga yowe. "Dada, gari! Tulitie tao chini ya ngazi!"

Nikaelewa. Ngazi ni mteremko. Gari likiingia chini yake na kusukumwa kuelekea mguuni mwa ngazi, tao litabana na kuibeba. Lakini gurudumu la mbele lilikuwa chini, nimelikata mwenyewe, na gari lilikuwa juu ya jeki.

"Pembe hiyo niachieni mimi," Baba akasema.

Akapapasa mpaka akalipata bomba la mbele, akainama, akanyanyua. Macho yalikuwa yamemtupa mkono, mgongo bado. Nikaipiga jeki teke, nikakimbilia nyuma kwa Kitinda, tukasukuma. Gurudumu lililokatika likawa linaburuzwa kwa bomba lake la usukani, na Baba akitembea kinyumenyume kwenda mahali asipopaona, juu ya vigae vya vikombe na chai ya moto.

"Kushoto, Baba! Kushoto! Inama kichwa!"

Akainama. Tao likaingia chini ya ngazi, likakwaruza, likabana.

"Zaidi!" nikasema, na tukasukuma zaidi, na kiungo cha kulia nacho kikalia kule juu. Ngazi ikajilaza juu ya tao kwa uzito wake wote na wa mama yangu. Fremu nzima ikaguna. Nilikodolea macho mishono yangu, ile yenye matuta, mmoja baada ya mwingine, nikawa naisemesha kwa sauti bila kujali nani ananisikia: shikeni, shikeni jamani, shikeni.

Ikashika.

"Shuka, Mama," Kitinda akasema. "Taratibu. Mguu wa kulia. Sasa mwingine."

Alishuka akiwa ametugeuzia mgongo, kipandio kimoja kimoja, na Kitinda akampokea kiunoni. Alipogusa sementi alitazama chini.

"Vikombe vyangu," akasema.

Kisha akanipiga kofi la begani, akampiga na Kitinda, akaenda kukaa kwenye kigoda cha Baba akalia kwa kwikwi.

Baba alikuwa bado ameishika pembe ya gari. Suruali ilikuwa imelowa chai, na uso wake ulikuwa umeelekea kwenye ngazi tupu.

"Ameshuka?" akauliza. "Niambieni jamani, ameshuka?"

"Ameshuka, Baba. Weka chini."

Akaweka. Mama ndiye aliyeanza kusema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

"Uliniambia ni kwa ajili ya nguo zangu."

Baba alifuta viganja kwenye shati.

"Baba Kitinda. Uliniambia umepiga msasa nisichanike nguo. Nikawaambia na majirani."

"Niliona aibu," Baba akasema. "Ndiyo hivyo tu. Niliona aibu, nikatafuta neno tamu la kuifunikia. Nilipomaliza nilirukaruka juu yake mwenyewe, ikashika, nikasema basi. Haki ya Mungu, Mama Kitinda, sikujua."

Honi ikalia getini. Pikapu ilikuwa imefika. Kitinda alifuta mdomo kwa mkono wa shati, akatoka. Nilimsikia akisema leo hapana, na dereva akilalamika, na pikapu ikiondoka. Alirudi na kipande cha chaki tunachochorea mabomba. Hakukitazama chombo chake hata mara moja, kilivyokaa pale kimeinamia pembe moja na ngazi mgongoni. Alikiweka kile kipande kwenye kiganja cha Baba, akamfunga vidole.

"Tuonyeshe vyako vyote, Baba."

Baba akaanza. Alilizunguka gari kwa mikono, bomba kwa bomba, na kila alipokuta laini aliweka alama ya msalaba. Karibu na usukani. Chini ya injini. Kwenye pedali ya breki, na hapo Kitinda alifumba macho. Aliweka na kwenye ngazi, mpaka pale mkono wake ulipofika. Sikuwahi kumwona baba yangu akifanya kazi polepole namna ile.

"Ni hivyo tu," akasema, akanirudishia chaki.

Mama aliinua kichwa. "Vyote?"

Baba alisimama, mikono imening'inia. Kisha akanyoosha kiganja, nikampa tena ile chaki, akaingiza nusu ya mwili ndani ya gari. Akapapasa nyuma ya kiti cha dereva, pale mkanda unapofungwa kwenye fremu. Kiungo kile nilikuwa nimekiona asubuhi. Matuta yake yalikuwa yamepangika vizuri, nikadhani ni cha Kitinda, nikakipita. Baba akaweka msalaba.

"Hiki sikukipiga jiwe," akasema akiwa bado ameinama. "Nilikirudia mara tatu. Kidole kiliniambia ni kizuri. Nilitaka kiwe kizuri kuliko vyote, maana ndipo mtoto anapokaa. Lakini sijui. Sijui tena, mwanangu."

Kitinda alinipa grinda. Nikavaa miwani, nikaanza na hicho.